Bi Ndezi na Wageni wa Pole

Paukwa.

Pakawa.

Mnaitikia kama watu waliokwisha kula wakashiba. Paukwa, nimesema.

Pakawa!

Pakawa maji, pakawa tope, na katikati yake pakawa mama mmoja aliyechoka. Haya, kaeni. Anayepukuchua mahindi aendelee, masikio hayapukuchui. Mimi mwenyewe leo mgongo unaniuma na sina hamu ya kuimba, lakini nikianzisha wimbo mtaniitikia, maana wimbo huu haubebwi na mtu mmoja.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde, na ndani ya bonde palikuwa na mto. Mto huo ulikuwa na tabia zake. Miaka miwili unatulia, unanyweka, unaogeka. Mwaka wa tatu unakufuata mpaka kitandani. Wanyama wa bonde lile walijua hivyo, baba zao walijua, na babu zao walijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kujiandaa ni kitu kingine, na hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Palikuwa na Bi Ndezi. Ndezi mnamjua, yule mnene wa kwenye matete, mwenye meno ya mbele kama patasi. Bi Ndezi alikuwa na mume, Bwana Ndezi, na watoto watatu. Bwana Ndezi alikuwa mume mwema, mchapakazi, wala hakuwa na neno baya na mtu. Alikuwa na ila moja tu. Alipenda watu waseme nyumba yake ni nyumba. Ila hiyo inaonekana ndogo, ngojeni tu.

Mwaka ule wa tatu, jua likiwa bado kali na mto ukiwa chini kabisa, Bi Ndezi alifanya mambo matatu.

La kwanza, alijenga dungu, ile nyumba ya juu inayosimama kwa nguzo, unaipanda kwa ngazi. Alikata nguzo, akachimba mashimo, akachimba tena yalipobomoka.

La pili, alisokota kamba ndefu ya ukindu, akaifunga kutoka nguzo ya dungu mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa mahali pa juu. Akawafundisha watoto kupita juu ya kamba ile, mmoja mbele, mwenzake nyuma, wa tatu nyuma yake. Leo wanapita, kesho wanapita, kesho kutwa wanalia wamechoka, na bado wanapita.

La tatu, alichukua mahindi mazuri ya mavuno, yale ya kati ya gunzi, akapima vibaba vitatu. Akavitia kwenye kibuyu, akaziba mdomo kwa nta, akakitundika juu ya jiko ili moshi uyalinde na fukusi. Hiyo ilikuwa mbegu.

Majirani walimcheka. Ngiri, aliyekuwa mkubwa wa mtaa ule, alipita akauliza Bi Ndezi anawafundisha watoto kumkimbia nani, jua? Bi Ndezi akaendelea na kamba yake. Mtu mwenye kazi hana muda wa kujibu.

Basi maji yakaja. Yalikuja mchana kweupe, mbingu ikiwa safi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani. Yalifika kwenye nguzo, yakafika kwenye ngazi, yakafika kwenye sakafu ya dungu. Watoto wakapita juu ya kamba, mmoja mbele, mwenzake nyuma, wa tatu nyuma yake, mpaka kwenye kichuguu. Baba yao akawafuata. Bi Ndezi akapita wa mwisho, kibuyu kikiwa kimefungwa shingoni.

Walikaa juu ya kichuguu siku nne, wakitafuna mizizi ya nyasi. Siku ya tano maji yakashuka, nao wakashuka.

Dungu lilikuwa limesimama, lakini limeinama upande. Paa nusu halipo. Ukuta mmoja haupo. Vyungu, mikeka na kinu vimekwenda. Na shamba, lililokuwa na mahindi yaliyofika kifuani, lilikuwa tope tupu, jeusi, linang'aa. Bi Ndezi alihesabu. Roho tano, kibuyu kimoja. Akasema moyoni kwamba hiyo inatosha kuanzia.

Sasa sikilizeni habari ya tope, maana nyinyi mnanunua unga. Mto ukipanda unachukua chako, lakini ukishuka unaacha tope lenye rutuba, na tope hilo hupandwa mahindi bila kungoja mvua. Kilimo hicho wenyewe wanakiita mlao. Lakini tope lina siku zake. Ukikanyaga na alama ya mguu ikajaa maji, bado. Ukikanyaga na alama ikabaki kavu, panda. Ukingoja mpaka tope lipasuke nyufa, umechelewa, nenda kalale. Toka bado mpaka nyufa hazipiti siku chache. Na Bi Ndezi akichelewa, watoto wake watatu hawana cha kula mpaka mwaka mwingine. Yeye mwenyewe alilijua hilo kila alipowatazama.

Kwa hiyo kila asubuhi alishuka, akakanyaga, akatazama. Alama inajaa maji. Akainua uso kwenye kibuyu, kilichotundikwa tena dunguni, akaimba hivi, nanyi itikieni:

*Tope, tope, nisubiri.*

Subiri, tope, subiri.

*Mbegu yangu iko juu.*

Subiri, tope, subiri.

Vizuri. Kisha akageuka kwenye kazi. Kukata nyasi za kuezekea, kunyoosha nguzo, kufuma ukuta. Hakupata hata nafasi ya kukaa.

Lakini lile bonde lilikuwa na desturi. Walisema nyumba iliyopatwa na msiba haizimi jiko. Mtu akipatwa, wenzake wanakwenda kumpa pole. Na anayekwenda kutoa pole haendi na kitu mkononi, maana ukimpelekea mtu chakula ni kama umemwambia kwamba sasa yeye ni fukara. Anakwenda mikono mitupu, kwa heshima. Na aliyepatwa anampikia, kwa heshima. Mgeni wa pole akiondoka na njaa, nyumba hiyo inasemwa mpaka wajukuu.

Mnacheka. Nyinyi mnao msemo wenu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walikuwa hawajafika huko.

Wa kwanza kuja alikuwa Ngiri, na mkewe, na watoto wao wote nyuma, mikia juu. Walisema poleni, poleni sana, poleni mno. Wakakaa. Wakatazama jiko.

Bwana Ndezi akamvuta mkewe pembeni, akamwambia wageni wamekuja. Bi Ndezi akasema amewaona. Bwana Ndezi akasema wapikiwe. Bi Ndezi akamwambia kwamba ndani ya nyumba ile hamna kitu ila mbegu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Bwana Ndezi. "Unataka Ngiri akaseme kwetu hakupikwi?"

Bi Ndezi alichoka kubishana kabla hajaanza. Akabandua nta, akamimina kibaba kimoja, akachemsha. Ngiri na watu wake wakala, wakamaliza, wakalamba. Wakati wa kuaga Ngiri akamsifu, akasema maji yamechukua kila kitu lakini mkono wa Bi Ndezi wa kupika hayakuuchukua. Wakaondoka.

Mchana umekwenda. Ukuta haujafumwa.

Asubuhi akashuka, akakanyaga. Alama ikajaa maji, lakini kidogo.

*Tope, tope, nisubiri.*

Subiri, tope, subiri.

Siku hizo Bwana Ndezi naye alikuwa akitoka kwenda kutoa pole, maana waliopatwa walikuwa wengi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akirudi hakuwa na njaa, na kile kidogo kilichokuwepo, mizizi na majani, aliwaachia watoto. Bi Ndezi aliona ni wema, akashukuru.

Wa pili kuja alikuwa Korongo, kutoka upande wa mabwawa. Korongo ni mtu wa maneno. Alisimama kwa mguu mmoja, akatoa pole ndefu kama yeye mwenyewe, akasimulia mafuriko yote aliyoyaona maishani mwake, akalinganisha. Akatazama ile kamba, akaeleza kwamba ingefungwa upande wa mashariki ingefaa zaidi. Bi Ndezi alisikiliza akiwa ameshika kisu cha kukatia nyasi, na nyasi zilikuwa zikimngoja.

Bwana Ndezi akakohoa. Mkewe akajua kikohozi hicho kina maana gani. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Korongo ni mmoja tu, aambiwe ukweli, ataelewa. Bwana Ndezi akasema Korongo anafika mbali, akisema neno linavuka mito saba.

Kibaba cha pili kikaingia chunguni. Korongo alikula punje moja moja, huku akizungumza, mpaka chungu kikaisha. Chungu chenyewe kilikuwa cha kuazima. Akatoa pole mara ya mwisho, akaruka.

Na mimi hapa ninaposimulia nasikia uchungu, maana nimewahi kuwapikia watu wa namna hiyo. Endeleeni kupukuchua.

Bi Ndezi hakulia. Alikwenda kukata nyasi mpaka mikono ikavimba. Watoto walimwuliza kuna nini, akawaambia hakuna kitu. Aliimba, lakini safari hii aliimba kama anayejisemea:

*Mbegu yangu iko juu.*

Subiri, tope, subiri.

Siku ya tatu baada ya hapo alishuka, akakanyaga, akatazama. Alama ya mguu ikabaki kavu, safi, kila kidole mahali pake. Akakanyaga tena asije akawa anajidanganya. Kavu. Akapanda ngazi mbio, akateremsha kibuyu, akawaamsha watoto, akachukua jembe. Kibaba kimoja kilikuwa kimebaki. Kingetosha shamba dogo, na shamba dogo lingewavusha.

Alipogeuka, akamwona mumewe amesimama mlangoni anatazama njiani.

Aliyekuwa anakuja ni Bi Nungunungu wa ng'ambo, mama mtu mzima, mjane, anatembea polepole na kupumzika, anatembea na kupumzika. Tope lilikuwa limemfika magotini.

Bi Ndezi alimtazama, kisha akatazama kibuyu. Akamwambia mumewe kwamba leo hapana. Ngiri amekula, Korongo amekula, hiki ni cha mwisho, na tope limeiva leo.

Bwana Ndezi hakuwa na kiburi siku ile. Alisema kwa huzuni kabisa, "Wengine sawa, mke wangu. Lakini huyu hatuwezi kumwacha na njaa. Juzi mimi nilikula kwake."

"Ulikula nini?" akauliza Bi Ndezi.

"Mahindi."

"Mahindi yametoka wapi, na bonde zima limekwenda na maji?"

Bwana Ndezi akatazama kibuyu mkononi mwa mkewe, akatazama njiani, kule anakotoka Bi Nungunungu. Akakaa chini pale pale mlangoni, mikono kichwani. Maana alikumbuka. Juzi kwa Bi Nungunungu. Kabla yake kwa Kanga. Kabla yake kwa Fuko. Nyumba saba alikwenda kutoa pole, na nyumba saba alipikiwa mahindi, akala, akashukuru, akapangusa midomo. Hakuna hata siku moja aliyojiuliza wanayatoa wapi.

Na hivyo ndivyo bonde lote lilivyokuwa likifanya. Ngiri amekula kwa Ndezi, Korongo amekula kwa Ngiri, Ndezi amekula kwa Nungunungu, na Nungunungu sasa yuko njiani. Maji yalikuwa yamewaachia mbegu. Wao wenyewe, kwa heshima, walikuwa wanamalizia.

Bi Ndezi hakumgombeza mumewe. Hakuwa na nguvu hizo. Alichukua kata ya maji, akamwagia jiko. Moto ukafa, moshi ukatoka mara moja, basi.

Nyamazeni kidogo. Katika bonde lile hapajapata kuonekana kitu kama hicho.

Bi Nungunungu alifika chini ya ngazi, akaanza kusema pole. Bi Ndezi akateremka, akamshika mikono.

"Mama, jiko langu limezimwa, nimelizima mimi," akasema. "Nina kibaba kimoja, nacho ni mbegu. Sitakupikia. Ukitaka kusema mimi ni mchoyo, utasema, nimekubali. Lakini watoto hawa sitawauza kwa sifa."

Bi Nungunungu aliwatazama watoto wale. Kisha akaanza kulia, na miiba yake yote ikatikisika.

"Mwanangu," akasema, "sikuja kukupa pole. Nilikuja kula. Yangu imekwisha kwa kupikia wageni, na nimetembea njia nzima nikiona haya, nikijua ninachokuja kukila."

Bi Ndezi aliposikia hivyo akamimina kile kibaba juu ya jani, akakigawa katikati kwa kiganja. Akasema nusu ya huku na nusu ya ng'ambo. Mumewe alitaka kusema nusu kibaba haitatosha, akajikumbuka, akachukua jembe.

Wakapanda. Bi Nungunungu aling'oa mwiba wake mmoja mrefu, akatoboa tope, kitundu kimoja, kitundu cha pili, kitundu cha tatu, mpaka mwisho wa shamba. Watoto wakafuata wakitia punje moja moja, si mbili kama ilivyo desturi, maana hazikutosha. Bi Ndezi akafukia kwa mguu. Leo wakapanda kwa Ndezi, kesho wakavuka wakapanda kwa Nungunungu. Kesho kutwa tope likapasuka.

Habari zikaenea. Bi Ndezi amezima jiko. Ngiri alikuja kuhakikisha kwa macho yake, akaona majivu yaliyolowa, akaenda kutangaza. Bwana Ndezi alipopita njiani watu walinong'ona. Mwanzo alikwenda ameinamisha kichwa. Baadaye akazoea, maana ukisemwa siku nyingi hata masikio yanachoka.

Miezi mitatu ilipopita, bonde zima lilikuwa limepauka, na mahali pawili tu palikuwa kijani. Huku na ng'ambo. Hayakuwa mahindi mengi. Ndezi walikula kwa kupimiana, siku nyingine mara moja tu, wakafika mwisho wa mwaka wamekonda lakini wapo. Wengine walihama bonde, na wengine sitaki kusimulia.

Ngiri akaja. Safari hii mkia ulikuwa chini. Bi Ndezi alimpa gunzi moja zima, lenye punje zake zote, akamwambia hili halichemshwi. Ngiri akalibeba kwa mikono miwili. Na Bwana Ndezi alijichagulia magunzi saba ya namna hiyo, akazunguka nyumba saba alizokula. Kila alipofika hakukaa. Alisema, "Nilikula mbegu yenu," akaweka gunzi, akaondoka. Nyumba mbili kati ya zile saba hakukuta mtu.

Mwaka wa tatu mto ukapanda tena. Mto haukujifunza kitu, mto hausikilizi hadithi. Mara hii lile dungu lilianguka kabisa, likaenda na paa lake. Watoto walipona. Kibuyu kilipona. Bi Ndezi alisimama katikati ya tope, akaona watu wanakuja kutoka kila upande, akainama kama alivyozoea, akaanza kutafuta mawe matatu ya kuwekea chungu.

Bwana Ndezi akamshika bega. Akamwambia akae.

Bi Ndezi hakuelewa. Akatazama. Ngiri alikuwa amekuja na jembe begani na kibaba cha mbegu mfukoni, na watoto wake kila mmoja amebeba nguzo. Korongo aliburuta nyasi za kuezekea, anaendelea kuzungumza, lakini anaburuta. Bi Nungunungu alikuwa amebeba chungu, na ndani ya chungu mlikuwa na uji aliopika kwake. Akamwekea Bi Ndezi mbele ya magoti, akamwambia anywe kabla haujapoa.

Bi Ndezi akakaa. Akashika chungu kwa mikono miwili, akalia. Alilia kwa ajili ya dungu lililokwenda, na kwa ajili ya dungu la kwanza, na vyungu, na kinu, na zile siku nne za juu ya kichuguu. Msiba ule wa kwanza hakuwahi kuulilia, kwa sababu alikuwa anapika. Watoto walitaka kumnyamazisha, baba yao akawakataza. Wakamwacha alie mpaka akamaliza, na nguzo nazo zikawa zinasimamishwa.

Basi, wapukuchuaji, maana yake ni hii. Jiandae mapema, jua likiwaka, hata wakikucheka. Akiba haiozi. Lakini akiba yako haitakuponya ikiwa majirani wanakuja kuila, wala wewe humponyi jirani kwa kumwambia pole ukiwa umekaa karibu na jiko lake. Ukienda kwa aliyepatwa, kula kwako kwanza, kisha chukua jembe. Na ukipatwa wewe, usione haya kuzima moto.

Mimi nimefika mwisho wa kamba yangu. Utamu wa hadithi gawaneni, uchungu wake niachieni, nimeuzoea. Ikipindishwa huko mbele, atakayeipindisha ainyooshe mwenyewe, mimi nakwenda kunyoosha mgongo.